Metroni na Ngozi ya Kiranja

Sijawahi kumwona Metroni akimshika binadamu kwa upole aliokuwa akimshika nao guruguru wake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikera miaka yote ya ujirani wetu pale Ruangwa, na ndilo linalonirudia kila nikisikia watu wakimsifu. Wanamsifu sana. Wanasema ni mtu wa Mungu, mtu wa usafi, mama wa wasichana wote waliopita bweni lile la Nachingwea. Mimi nilipita bweni lile. Hakuwa mama yangu, na mwenyewe alihakikisha tunalijua hilo.

"Mama yako umemwacha nyumbani," alikuwa akisema msichana akimlilia. "Hapa kuna Metroni."

Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya raba vyeupe ambavyo hatukuwahi kuviona vichafu, hata masika. Jumamosi alikagua kucha, masikio na taulo. Taulo alizinusa, moja moja, kama mtu anayenunua samaki. Iliyonuka ukungu ilirudi kufuliwa, na mwenye taulo alikosa chai. Alikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na msichana aliyesikika akisema Kimwera au Kimakonde bwenini alivishwa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Sisi wa Chiola Kiswahili tulikikuta shuleni, na usingizini mtu huongea lugha ya kwao. Kuna asubuhi niliamshwa nikavishwa kibao kwa maneno niliyoyasema ndotoni. Metroni mwenyewe ni Mmwera.

Nisiseme hakuwa na moyo, nitakuwa namsingizia. Mwaka wangu wa kwanza binti mmoja alishikwa na homa kali na gari la shule halikuwepo. Metroni akamfunga mgongoni kwa shuka, akatembea naye kwenye mvua mpaka hospitali ya misheni, njia nzima akimgombeza kwa kulala nje ya chandarua. Akakaa naye wodini, akamlisha uji kwa kijiko mpaka akapata nguvu. Waliporudi akamwambia, "Shuka niliyokubebea ni ya shule. Kaifue." Moyo alikuwa nao, ila aliutoa kama mtu anayempimia chumvi jirani asiyempenda.

Nilipoolewa nikahamia Ruangwa, nilimkuta. Alikuwa amestaafu, amejenga nyumba ndogo upande wa pili wa ua wetu wa mabati, ana shamba la mikorosho nje ya mji. Siku ya kwanza nilimwamkia. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Bweni la pili. Kitanda cha dirishani. Ulikuwa unakojoa ukishikwa na baridi." Mume wangu alikuwa amesimama pale pale. Basi huyo alikuwa Metroni: alikumbuka kitanda, alikumbuka mkojo. Kuhusu dada yangu, ambaye tulisoma naye shule ile ile na aliyefukuzwa kwa mkono wake, hakusema neno.

Mtaani waliishi naye kwa tahadhari. Kanisani alikaa benchi la mbele na kugeuka nyuma kwaya ikikosea sauti. Krismasi alipika maandazi kwa ajili ya watoto wote wa mtaa, Waislamu kwa Wakristo, lakini walipanga foleni na kunawa mpaka viwiko, na aliyesukuma mwenzake alirudishwa mwisho. Mtu akifiwa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, akiosha masufuria bila kuongea. Ukimshukuru alikujibu, "Shukrani ya nini? Yalikuwa machafu."

Guruguru alimpata kiangazi kimoja. Guruguru ni mjusi mkubwa wa mashimoni, mnene, mwenye magamba yaliyopangika kama vigae. Hana sumu wala ubaya na mtu, ila kwetu watu wanamwogopa. Vibarua wakipalilia mikorosho walimfukua chini ya jiwe, wakamfunga kamba ya katani kiunoni, wakawa wanamburuza kwa kucheka. Metroni akatokea na mwavuli wake. Kamba ilikuwa imeshazama kwenye nyama. Akaifungua mwenyewe, akamtia mjusi ndani ya ndoo, akamleta nyumbani amtibu kidonda kisha amrudishe. Kidonda kikapona. Hakumrudisha. Akampa chumba cha stoo, akamwita Kiranja, kwa sababu, alisema, anainua kichwa na kumtazama mtu kama anayeandika majina ya wapiga kelele.

Maneno yakaanza. Mwanamke mzee, hana mume, hana mtoto, na mdudu wa shimoni ndani ya nyumba. Wapo waliovuka barabara wakimwona. Katekista akatumwa kumuuliza kwa upole kuna nini. Metroni alimkaribisha, akamwekea chai, akaenda stoo akarudi na Kiranja amemlaza mkononi. Akamketisha mezani, mbele ya kikombe cha katekista.

"Muulize mwenyewe," akamwambia, "kama tunaruka pamoja na ungo."

Katekista aliaga chai haijapoa. Tangu hapo hakuna aliyetumwa tena.

Sasa mjusi wa aina hiyo akikua hujivua ngozi, na haivui yote kwa mara moja kama nyoka. Inatoka vipande vipande. Porini anajisugua kwenye mawe na kujificha kwenye shimo lenye unyevu, ngozi inalainika na kutoka. Lakini stoo ya Metroni ilikuwa na sakafu ya saruji, na kiangazi cha Ruangwa hukausha hata midomo ya watu. Mgongoni ilitoka. Vidoleni na kwenye ncha ya mkia ikagoma. Kila kidole kikabaki na pete ya ngozi kavu, na juu ya pete hiyo ikaja nyingine. Pete ikikauka inakaza kama uzi, damu haipiti. Metroni alijaribu kuivuta kwa kucha, kidole kikatoka damu. Akapaka mafuta ya mgando, haikusaidia. Siku moja akakuta kidole kimekuwa cheusi, na baadaye kikakatika chenyewe.

Ndipo alipokuja uani kwangu. Hakuwahi kuniomba kitu hata kiberiti.

"Mama Neema," alisema, "simu yako ina intaneti?"

"Ina, Metroni."

"Nisomee habari za ngozi ya mjusi. Bwana mifugo ananiambia yeye ni wa ng'ombe na kuku."

Tukakaa barazani nikamsomea. Nilikuwa nasoma na kumfasiria, yeye amefumba macho kama anasikiliza Injili. Usivute ngozi kavu kamwe. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, kina chake kisipite tumbo. Mwache alowe bila haraka. Kitambaa kibichi, umsugue kidogo kidogo kuelekea upande ambao ngozi inatokea. Isipotoka, acha, rudia kesho. Mtengenezee maficho yenye unyevu. Kidole kikivimba au kubadilika rangi, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

"Daktari wa mijusi Ruangwa hayupo," akasema akifumbua macho. "Basi ni mimi na wewe."

Sikujua kwa nini nilikubali. Labda nilitaka kumwona akishindwa.

Ikawa desturi yetu ya alasiri. Nilileta maji kwenye beseni pana, yeye akayapima kwa kiwiko kama wanavyopima mama wa watoto wachanga. Kiranja alikuwa anahangaika mwanzoni, anakwangua plastiki, mpaka Metroni akaweka jiwe katikati ya beseni apumzikie kichwa. Maficho akamtengenezea kwa ndoo iliyotobolewa ubavuni, ndani amejaza mchanga na vipande vya gunia ambavyo alivinyunyizia maji kila asubuhi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumshika mjusi kiuno ndani ya taulo lililolowa. Yeye alishika kidole kimoja kwa ncha za vidole vyake, na kwa pamba iliyolowa akasugua, akasugua, akaacha, akamtazama mjusi usoni, akaanza tena. Mikono ile ile iliyotupinda masikio.

Na alikuwa anamsemesha kwa Kimwera. Polepole, sauti ya chini, maneno ambayo bibi yangu alituambia tukichomwa na mwiba: kwamba asiogope, kwamba yupo hapa, kwamba hatamuumiza mwanawe. Nilielewa kila neno. Shingo yangu ikaanza kuwasha pale pale kilipokuwa kinakaa kibao.

"Metroni," nikamwambia, "hicho ni Kimwera."

Hakuinua macho. "Yeye hajaenda shule."

Alasiri moja sikuweza kuvumilia tena. Ngozi ya kidole cha nyuma ilikuwa imeshaanza kuachia, na Metroni alikuwa amezuia pumzi. Nikamuuliza, "Dada yangu ulimkagua hivi hivi? Kwa maji ya uvuguvugu?"

Mkono wake ulisimama. Halafu akasema, "Inua mkia, ngozi ya huku imeloa."

Nikainua mkia. Kile kipande kikatoka kizima, chepesi, chenye umbo la kidole na alama ya ukucha, kama glavu ya mwanasesere. Chini yake kidole kilikuwa cha rangi nzuri, kipya. Metroni akakiweka kile kipande kiganjani mwake, akanionyesha, akacheka. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akicheka. Nikamwachia mjusi wake, nikarudi kwangu.

Dada yangu alikuwa kidato cha tatu nami kidato cha kwanza. Shule ikifunguliwa, Metroni alitupanga mstari nje ya chumba cha wagonjwa, tunaingia mmoja mmoja, tunalala kitandani, anatubonyeza tumbo kutafuta mimba. Hakuwa anapasha mikono moto. Dada aliingia, mlango ukafungwa, na haukufunguliwa kwa muda mrefu kuliko wa wengine. Sisi tuliobaki kwenye mstari tulijua.

Baba aliitwa. Akaja kutoka Chiola na baiskeli yake, amevaa shati la kanisani. Niliitwa ofisini nilete madaftari ya dada, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Metroni alisimama kando ya mkuu wa shule, akamwambia baba, "Tumemuuliza ni nani. Amekataa kumtaja."

Dada akainua uso, akafungua mdomo.

"Kimya," baba akasema.

Akafunga sanduku la bati kwenye keria, akaondoka akikokota baiskeli, dada nyuma yake. Tangu siku ile baba hakumsemesha tena. Akitaka maji alisema, "Mwambieni yule alete maji," na yule amesimama mbele yake. Aliamini binti yake anamficha mwanamume, kwamba amemchagua mwanamume huyo juu ya baba yake.

Lakini dada alikuwa amemtaja. Alimtaja mle chumbani, kwa Metroni peke yake, akilia: mwalimu wa mazoezi, yule kijana wa hesabu kutoka chuoni. Mwalimu huyo alimaliza mazoezi yake muhula ule ule. Alipikiwa pilau ya kuagwa. Sisi wasichana tulipangwa mbele tukamwimbia. Dada alipomweleza mama, mama alimjibu, "Metroni ni mtu wa kanisa. Atudanganye apate nini?" Na baba akakataa hata kuambiwa. Dada akajifungua, akaolewa Kiegei na mtu mwenye mke tayari, akalima. Siku hizi msichana akijifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Dada aliposikia habari hiyo redioni, aliizima redio akaenda shambani bila jembe.

Baba alikufa bado anasema "yule".

Kiranja alipona. Alipoteza vidole viwili tu, vilivyobaki vikanona, na kila akikaribia kujivua, macho yakififia na rangi kuwa ya vumbi, Metroni alizidisha maji kwenye gunia na kunigongea mabati ya ua. Hapakuwa tena na shida. Alikuwa anatoka stoo mwenyewe asubuhi, anamfuata Metroni nyuma ya raba zake nyeupe mpaka jikoni, anapewa papai na panzi. Hakuogopa watu tena.

Kisha Metroni akapatwa na kiharusi, asubuhi, akiwa anafagia. Upande wa kushoto ukalala. Mpwa wake alikuja kumchukua akamuuguze kwake Ruponda, mwanamke mzuri, lakini kuhusu mjusi alisema wazi: huyo haingii kwake. Metroni hakubishana. Alinitaka nimpeleke Kiranja shambani, kwenye yale mawe. Nikampeleka. Nikamwachia. Alikaa kidogo juu ya jiwe, ameinua kichwa, nikaondoka bila kugeuka.

Haikupita wiki mlinzi wa shamba la jirani akanisimulia kama kichekesho. "Mama Neema, kuna guruguru alikuja tukiwa tunakula, anatembea tu kama kuku, anakuja kabisa miguuni. Tukampiga." Nilimpigia Metroni nikamwambia ukweli. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini nilimwelewa.

"Walimla?"

"Hapana. Walimtupa."

Akakata simu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, baada ya mavuno ya ufuta. Dada alinipigia kutoka Kiegei, akasema amesikia Metroni yuko Ruponda na hali si nzuri, na yeye anakwenda, nami kama nataka nimfuate. Dada hajawahi kuniomba nimsindikize popote. Tulikutana Nachingwea stendi. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, kichwa amekifunga vizuri. Njiani hakuongea.

Tulimkuta Metroni amekalishwa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, mkono wa kushoto umelala kwenye paja. Amekuwa mdogo. Miguuni alikuwa na kandambili. Nilimwamkia, akaitikia. Dada hakumwamkia.

"Unanijua?" dada akauliza.

Metroni akainua macho. "Nakujua. Ulikuwa na akili kuliko wote wa kidato chako."

"Nilikutajia jina au sikukutajia?"

Mpwa wake, aliyekuwa analeta vikombe, akasimama mlangoni na trei. Nilidhani Metroni atasema amesahau. Mzee, mgonjwa, nani angembishia?

"Ulinitajia," akasema.

"Ukalipeleka wapi?"

"Kwa mkuu wa shule. Akasema kijana bado kidogo amalize, na shule itachafuka. Akaniambia niseme umekataa. Nikasema."

"Ulikuwa unamwogopa?"

"Hapana." Akafikiri. "Ningependa kukwambia nilimwogopa. Niliona ni rahisi. Wewe ulikuwa unaondoka tu, kwa vyovyote."

Dada alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepimiwa kitu akakuta uzito ni ule ule aliodhani. Hakulia. Mimi nilitaka kumwambia Metroni mambo, nilikuwa nimeyapanga tangu stendi, lakini dada alinishika mkono, akatoa simu yake kwenye mkoba, akabonyeza, akaiweka kwenye spika.

Ilikuwa sauti ya mama yetu, kutoka Chiola. Kuku wanasikika nyuma yake.

"Mama," dada akasema, "kuna mtu hapa anataka kukuambia neno."

Akaiweka simu kwenye mkono mzima wa Metroni. Metroni akaitazama ile simu, akatutazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akiomba kitu kwa macho. Dada akakunja mikono.

"Mama," Metroni akaanza. Ulimi ukakwama, akaanza upya. "Habari za hapo, mama. Mimi ni Metroni wa shule. Binti yako siku ile alinitajia mtu aliyempa mimba. Alikuwa mwalimu. Alimtaja vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyesema uongo kwako na kwa baba yake."

Upande wa pili kuku tu ndio waliosikika.

"Nimesikia," mama akasema hatimaye. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka. "Mimi nimesikia. Lakini yule uliyemkosesha usingizi, aliyetakiwa kuambiwa, tumeshamzika."